Sharti la Nane

Neema, wewe uliyerithi kiti changu pale kaunta, uliniuliza mara tatu kwa nini ubao wa masharti ya wasomaji unaruka kutoka namba saba kwenda namba tisa. Mara ya kwanza nilikujibu kwamba fundi aliyeuandika hakujua kuhesabu. Mara ya pili nilikohoa mpaka ukaenda kunitafutia maji. Mara ya tatu ilikuwa siku ya kuniaga, nina soda mkononi, nikasema nitawaandikia wewe na wenzako nikishatulia nyumbani. Nimetulia. Nimetulia kiasi kwamba mke wangu, Mama Eliza, akifagia ananizunguka kama anavyozunguka stuli.

Fundi alijua kuhesabu. Sharti la nane lilikuwepo, nililitunga mimi, na kwa sababu yake nusura mzee mmoja afie kwenye kiti, hatua kumi na mbili kutoka mahali nilipokaa nikigonga mihuri. Hatua hizo nilizipima baadaye, zaidi ya mara moja.

Lakini ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia hapo katikati mtashindwa kunisoma, na mwandiko wangu mnaujua ulivyo hata ukiwa mzima.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha kidato cha nne na woga wa kutosha watu wawili. Vijana niliomaliza nao walitaka kazi za kuzunguka: wengine walikwenda Mtera kwenye bwawa, wengine wakashika kazi za ukaguzi wa barabara. Mimi nilitaka kazi yenye paa, kiti, na njia fupi ya kurudi nyumbani. Maktaba ikanifaa kabisa. Miaka yote ile nimewaelekeza wageni njia ya Kolo, kwenye michoro ya miambani, kwa kutumia ramani ya ukutani na sauti ya mtu aliyefika. Sijafika. Mzungu mmoja aliwahi kurudi kunishukuru, akaniuliza nilipenda mchoro upi. Nikamwambia ule mkubwa.

Mkuu wetu wa wakati ule aliitwa Bi Hadija, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya raba ili asisikike akija. Asubuhi yangu ya kwanza aliniwekea vitu vinne mezani: muhuri wa tarehe, pedi ya wino, chupa ya gundi na rula ya mbao ya futi moja.

"Muhuri ni wa vitabu," akasema. "Gundi ni ya kurasa. Rula ni ya meza. Msomaji akisinzia au akipiga soga, unagonga meza mara mbili, polepole. Ukigonga mara tatu maana yake umekasirika, na hapa hatuna mtu wa kukasirika. Ukimgonga mtu, rudi kwenu."

"Sawa, mama."

"Na huo muhuri umeangalia tarehe?"

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimeshagonga vitabu kama arobaini kwa tarehe ya siku iliyopita. Sikuonja chakula mchana ule, nikawa nangoja kufukuzwa. Bi Hadija alinipa kifutio na wembe, akanionyesha namna ya kukwangua wino bila kutoboa karatasi, akaenda zake bila kusikika. Tangu siku hiyo huwa naangalia tarehe mara tatu. Kufuli la mlango pia nalivuta mara tatu. Mama Eliza anasema nilimposa mara tatu pia, na kwamba hata siku ya ndoa niligeuka mlangoni kuhakikisha.

Bi Hadija aliacha masharti saba ubaoni. Mnayajua: mabegi yabaki kaunta, chakula kibaki nje, kurasa zisichanwe, simu zizimwe, usingizi ukalalwe nyumbani, vitabu vilivyosomwa viachwe mezani, na kimya. Alipokuwa anastaafu nilimwuliza kama kuna la kuongeza. Akasema saba yanatosha, kazi iliyobaki ni ya macho.

Na macho yalikuwa na kazi kweli. Nilimkamata mtu mzima, mwalimu, akichana mitihani ya miaka iliyopita kwa kutumia uzi uliolowa mate, kurasa zinatoka bila mlio. Nilikuta madoa ya zabibu kwenye atlasi katikati ya bahari, mpaka mwanafunzi mmoja akaniuliza vile ni visiwa gani. Kuna mama alikuja na kuku wa kwenda kumuuza sokoni, akataka kusoma tangazo la kazi kwanza. Kwa kuwa sharti linasema mizigo ibaki kaunta na msomaji apewe kibao cha namba, kuku alipewa namba kumi na saba. Yule mama alipochelewa, kuku akataga. Hakuna sharti linalosema yai ni la nani. Nilimrudishia, lakini nilifikiria.

Wanafunzi waliniita Mzee Rula. Nilijifanya silijui jina hilo, nikawa nageuka nikiitwa.

Zamani, siku nzuri ilikuwa na wasomaji wanane. Serikali ilipohamia huku, mji ukajaa watumishi, wanafunzi wa vyuo, na watu wanaojisomea usaili wa ajira. Saa mbili asubuhi kulikuwa na foleni mlangoni. Watu kutoka kila mkoa, wamebanana meza moja, kila mmoja na adabu za kwao. Na hapo ndipo anapoingia Mzee Ndahani.

Alikuwa Mgogo wa hapa hapa, mfugaji wa zamani, aliyehamia kwa binti yake, mtaa wa Chang'ombe hapa mjini, baada ya mkewe kufariki. Alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo alisoma gazeti kama mtu anayekula chakula alichokilima mwenyewe, hasazi kitu. Kila siku saa tatu kamili, kofia ya pama kichwani na fimbo mkononi, angesimama katikati ya ukumbi na kusema, "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo ambayo hata Wahaya na Wangoni wa pale ndani walishajua kuiitikia. Kisha vijana wangeanza: shikamoo babu, shikamoo babu, meza hadi meza. Na yeye hakuwa mtu wa kujibu kwa mkupuo. Kila mmoja alipata marahaba yake, na swali lake.

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Songea, babu."

"Mvua huko kwenu?"

Ukumbi wa watu sitini, hesabu mwenyewe. Karatasi zikaanza kuingia sanduku la maoni. Moja ninaikumbuka: "Nimekuja kusoma sheria ya mikataba, nimeondoka nikijua hali ya mvua mikoa sita."

Mkuu mpya, kijana mwenye haraka, aliniita akasema, "Mzee, tafuta utaratibu." Nikautafuta. Nilikaa siku mbili na penseli, nikafuta, nikaandika, nikapata hiki: *Salamu zote ziishie mlangoni. Ndani ya ukumbi ni marufuku kusalimiana.* Hilo neno marufuku lilinipendeza sana. Adhabu: kuonywa mara mbili, ya tatu wiki moja nje. Fundi akaliandika namba nane, na namba tisa akaandika lile la kutochomoa waya wa kompyuta ili kuchaji simu.

Siku ubao ulipotundikwa, Mzee Ndahani alisimama mbele yake, akaufuata kwa kidole, neno kwa neno. Alipofika la nane akarudia. Kisha akavua kofia, akaja kaunta.

"Kwa hiyo, mwanangu, nikishavuka hapa mimi ni kiti?"

"Kiti chenye kusoma gazeti, mzee," nikamjibu. Nilikuwa na wasikilizaji watatu pale kaunta, na mimi nikiwa na wasikilizaji huwa sijizuii. Wakacheka. Yeye pia akacheka, akichelewa kidogo.

Tangu siku hiyo alinisalimia mlangoni tu, akaingia, akakaa meza ya magazeti karibu na dirisha. Ukumbi ukawa kimya mpaka unasikia mjusi akipita darini. Sanduku la maoni likaleta pongezi: "Safi sana, hongereni." Niliichukua ile karatasi nikampelekea Mama Eliza. Akaisoma, akanirudishia.

"Umewakataza watu kusalimia," akasema, "na wao wamekupongeza kwa karatasi ili wasikusalimie."

Mtu mmoja tu alikuwa hashikiki. Zuhura, msichana wa upande wa Kondoa, alikuwa anasomea ualimu. Kila akipita nyuma ya kiti cha Mzee Ndahani angenong'ona, "Shikamoo babu," na mzee angejibu chini chini, "Marahaba," bila kuinua kichwa, kama watu wawili wanaopitishiana magendo. Nilimwonya mara ya kwanza. Nilimwonya mara ya pili.

"Baba, nimenong'ona," akasema.

"Sharti halisemi kwa sauti gani."

"Sasa nikimpita mzee kimya kimya si atadhani nimemkasirikia?"

"Atadhani umesoma ubao."

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Nimeshanyanyuka mara mbili kuangalia kama nimefunga geti, na ni mchana.

Ulikuwa msimu wa joto kabla ya mvua, vumbi limetanda madirishani, ukumbi umejaa. Mzee Ndahani aliingia saa tatu na dakika tano. Najua kwa sababu niliandika kwenye daftari la wageni. Akaniambia jana amesumbuliwa na kichwa. Nikampa gazeti lililobanwa kwenye kile kibanio chetu kirefu cha mti, nikamwambia, "Soma taratibu, mzee, habari hazikimbii." Akaenda kukaa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya mwisho ya mtu yeyote naye asubuhi ile.

Kwenye saa tano nilipita na rula. Kichwa chake kilikuwa kimeinama. Sharti la tano linasema usingizi ukalalwe nyumbani, lakini nani anamgongea mzee meza kwa rula? Mimi sikulelewa hivyo. Nikamwacha alale. Nikajisifu moyoni kwamba nina heshima.

Nilipopita tena niliona kitu. Gazeti lilikuwa limefunguka kurasa za mpira. Mzee Ndahani hakuwahi kusoma mpira. Alikuwa akifika kurasa zile anafunga gazeti, anasema vijana wazima wanakimbizana na hawachungi chochote. Niliona, Neema. Niliona, nikafikiri, labda leo amebadilisha. Nikarudi kwenye mihuri yangu.

Saa tano na nusu Zuhura akaingia, akapita nyuma ya kile kiti.

"Shikamoo babu."

Kimya.

"Babu. Shikamoo."

Mara ya pili alisema kwa sauti ya kawaida, na kwenye ukumbi ule sauti ya kawaida ilikuwa kama sahani imeanguka. Vichwa sitini vikainuka. Nikaenda, rula mkononi.

"Zuhura. Namba nane. Ya tatu hii."

"Hajaitikia, baba."

"Hajaitikia kwa sababu yeye anajua kusoma masharti. Lete kibao chako."

"Huyu hawezi kuacha shikamoo ipite. Hata akiwa ng'ambo ya barabara ananipungia fimbo. Hebu mwangalie."

Watu walikuwa wanatutazama. Kama ningemwangalia wakati ule, ningekuwa nimeamrishwa na mwanafunzi mbele ya ukumbi wangu. Niseme ukweli, ndicho kilichonizuia, wala si kitu kikubwa kuliko hicho. Nikamtangulia mpaka kaunta, nikampa begi lake, nikaandika jina lake kwenye daftari la makosa, kwa mwandiko mzuri, na tarehe nikaihakiki mara tatu. Wiki moja nje. Nikakaa. Nikagonga mihuri.

Robo saa ikapita. Kisha nikasikia kioo kinagongwa. Zuhura alikuwa hajaondoka. Alizunguka jengo kwa nje, akapita kwenye michongoma, akasimama dirishani mbele ya Mzee Ndahani, anagonga kioo kwa funguo na kuita, "Babu, shikamoo. Babu." Ukumbi mzima ukaanza kucheka. Mimi nikapandwa na hasira, nikaenda dirishani kumfukuza. Ili kumfikia ilibidi nipite mbele ya meza, si nyuma kama nilivyokuwa nikipita siku zote.

Hapo ndipo nilipomwona usoni. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mate yalikuwa yameloanisha ule ukurasa wa mpira. Jicho moja lilikuwa wazi, linanitazama.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Wanasema nilisema, "Samahani, naomba msaada," kwa sauti ya kunong'ona, kama sharti linavyotaka. Walionyanyuka kwanza walikuwa watumishi wawili wa meza ya jirani. Mmoja wao alikuwa na gari, na naamini ndiye aliyeandika ile karatasi ya mvua za mikoa sita, kwa jinsi alivyokuwa analia akiendesha. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Tulipofika hospitali nikajikuta nimebana kitu kwapani. Daftari la wageni. Nilikuwa nimelibeba bila kujua.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. "Inaonekana ni kiharusi," akasema. "Mara ya mwisho kuzungumza kawaida ilikuwa saa ngapi?"

Nikafungua daftari. "Saa tatu na dakika tano."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa sita na robo. "Kati ya hapo hakuna aliyezungumza naye?"

"Ni maktaba, daktari."

"Hata salamu?"

Nikamwambia kuna binti alimsalimia saa tano na nusu, hakuitikia.

"Na mkamleta hapo hapo?"

Nilimjibu ukweli, kwamba hapana. Hakunigombeza. Aliandika tu, na kalamu yake naisikia mpaka leo.

Siku ya tatu binti yake Mzee Ndahani, Yunis, alikuja maktaba kuchukua ile kofia ya pama iliyobaki mezani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata nilishapanga nisimame wapi. Akanishika mikono yote miwili.

"Asante, baba. Bila wewe kumwona tungekuwa tunaongea mengine."

Neema, nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalikuwa machache tu: aliyemwona si mimi, aliyemwona nilimfukuza. Nikasema, "Tunamshukuru Mungu." Ni kweli tulimshukuru, ila si jibu.

Siku hiyo hiyo nikaenda kumtafuta Zuhura. Alikuwa amepanga chumba Nkuhungu, na mimi nilikuwa sijakanyaga huko tangu kulipokuwa mashamba. Nilipotea mara mbili katika mji niliozaliwa, nikaelekezwa na dereva wa bajaji aliyehamia kutoka Tanga mwaka uliotangulia. Nilimkuta Zuhura anafua uani. Nikamwambia nimekuja kumwondolea adhabu.

Akaniuliza, "Ameitikia?"

"Bado. Hasemi."

Akaendelea kusuuza. "Basi adhabu iache tu, baba. Wiki ikiisha nitakuja. Sheria ni sheria." Alinitazama pembeni aone kama nimechomwa. Nilichomwa.

Niliporudi kazini nilinunua rangi nyeupe kopo dogo, nikapanda kwenye stuli na kufuta namba nane mwenyewe, mchana kweupe, watu wanaangalia. Mkuu akauliza kwa nini sibadilishi tisa iwe nane. Nikamwambia fundi ana shughuli. Ukweli ni kwamba nilitaka pengo libaki. Na zile alama za vema ulizoziona pembezoni mwa madaftari ya wageni, ukadhani nilikuwa nahesabu wazee, ni hizi: kila nusu saa nilizunguka ukumbi, bila rula, nikamsalimia kila mwenye mvi. Akiitikia, naweka vema. Wengine walichoka nami. Hakimu mmoja mstaafu aliniambia, "Elisha, mimi bado nipo, nenda kakae." Nikaweka vema.

Kwa Mzee Ndahani sikwenda. Nilisikia kwa Yunis kwamba anaendelea, mkono wa kulia umelala, maneno yanarudi moja moja. Kila Ijumaa nilimfungia magazeti ya wiki, Yunis akawa anapita kuyachukua. Naye, kila msimu wa zabibu, ananiletea ndoo ndogo kutoka shamba lao la Makutupora. "Za mwokozi wetu," anasema. Nilizila. Mama Eliza alizila akasema ni tamu. Mimi nilizihesabu. Yunis akiniuliza mbona siendi kumwona mzee, nilikuwa na jibu ambalo kila mtu analiamini: mimi ni mtu wa nyumbani. Miaka minne nimejificha nyuma ya jibu hilo. Swali la Zuhura, kama ameitikia, niliogopa kwenda kulipatia majibu kwa masikio yangu mwenyewe.

Siku ya kuniaga Yunis alisimama akanishukuru tena mbele yenu wote. Mlipiga makofi. Mlidhani natokwa na machozi ya kustaafu.

Jumamosi iliyopita Mama Eliza aliniambia, "Vaa viatu." Nilikuwa nimemsomea nilichoandika mpaka hapa, na aliona nimekwama mahali hapa siku tisa. Akanisindikiza mpaka barabarani, akasimamisha bajaji, akamwambia dereva asinirudishe hata nikimwomba.

Mzee Ndahani alikuwa amekaa kibarazani, kofia kichwani, gazeti limewekwa juu ya ubao magotini ili aweze kulifunua kwa mkono mmoja. Yunis alikuwa anapeta mtama. Nikasimama mbele, si nyuma.

"Shikamoo, mzee."

Akanitazama. Midomo ikasogea, haikutoka kitu. Nikangoja. Nimeshangoja vitu vingi maishani, muhuri kukauka, mvua, matokeo ya Eliza, lakini kama hivyo sijawahi.

"Ma," akasema. Kisha, "raha." Kisha akapumzika. "Ba."

Nikakaa chini kwenye ngazi. Nikamwambia Yunis yote, kuanzia kurasa za mpira mpaka robo saa ile. Sikumtazama. Niliongea na mtama wake.

Yunis hakuacha kupeta. "Mbona tunajua, baba. Tunajua tangu mwaka ule aliopata sauti."

"Nani kawaambia?"

Mzee akainua kidole, akajielekezea kifuani. "Nilikuwa," akasema, polepole, "nasikia." Akameza mate. "Ulisema, najua kusoma."

"Masharti, mzee. Nilisema hivyo."

"Najua," akasema, na nusu ya uso wake ikacheka.

Nikamwuliza Yunis, kama walijua, zile zabibu zilikuwa za nini, na kwa nini kuniita mwokozi. Akasema neno la mwokozi alikuwa anangoja nilikatae mwenyewe, akaona nimekaa nalo, akazidi kunipa. Zuhura anapelekewa zake kila msimu, kwenye shule anayofundisha sasa. Zangu aliagiza mzee mwenyewe niletewe, baada ya Zuhura kuja na simu kumwonyesha picha ya ubao wenye pengo. Kisha Yunis akaenda kuchemsha chai, akaniacha na babake.

Tulikaa. Mzee akanigeukia, akakusanya pumzi.

"Mvua," akaniuliza, "huko kwenu?"

Kwangu ni Makole, si mbali na pale hata kidogo.

"Haijanyesha, mzee," nikamwambia.

"Hata huku," akasema.

Basi Neema, hilo ndilo jibu. Ubao msiuguse. Masharti ni mazuri, nimeyatetea maisha yangu yote: mabegi yabaki kaunta, kurasa zisichanwe, kimya kiwepo. Ila mnapozunguka, piteni mbele ya meza. Kuanzia Jumatatu nitaanza kuja kusoma magazeti, Mama Eliza ameshaniambia nyumbani hanihitaji mchana. Nitakaa ile meza ya dirishani. Mkipita, nisalimieni. Nisipoitikia, rudieni. Nisipoitikia mara ya pili, msidhani nimesoma ubao.